Saa Aliyoirudisha Naftaly

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari ni fupi. Muia, Mkamba, alikuwa fundi wa saa Kawangware, na meza yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Ephantus Ng'ang'a, mwenye ploti. Mwaka wa sabini na nne saa ya Ephantus mwenyewe ililetwa kuoshwa, ikapotea juu ya meza hiyo mchana kweupe. Meza ikavunjwa, Muia akapigwa hadi akazimia na kumwagiwa maji, kisha akahamia Gatwekera, huko Kibera, pamoja na mke wake Nthenya na binti yao Mukai.

Tangu hapo hakuna mtu aliyemwachia saa. Walimletea majiko ya mafuta ya taa, pasi, na redio zinazokoroma. Saa hawakuleta. Jiko halitiwi mfukoni, saa hutiwa, na jina la mwizi lilikuwa limemtangulia Muia kila alikokwenda.

Wiki iliyopita tulimwacha mlangoni pake, mjumbe wa kanisa la Kawangware ameondoka tu. Ujumbe ulikuwa kwamba aje Jumapili, aje na mke wake, kuna neno limepatikana kuhusu ile saa. Muia aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga huko. Jumapili ilipofika alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

"Baba Mukai, ukifika huko usijibizane na mtu," Nthenya alimwambia walipokuwa wakipita nyumba za Ayany. "Nakujua na hiyo mdomo yako."

"Kwani walinipiga ama nilijipiga?"

"Nimesema tu."

"Leo wataongea wao. Mimi nitasikiza."

Tangu mjumbe aje Nthenya alikuwa mkimya, na Muia alidhani ni hofu ya kurudi mahali walipofukuzwa.

Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa hadi mlangoni. Waliomsalimia Muia walikuwa wachache, na hata hao walimpa ncha za vidole. Wengine walisogeza mikoba yao karibu na mapaja. Muia aliyaona yote hayo, na moyo wake ukaanza kuchemka kabla hajaketi.

Mbele kabisa alikaa Ephantus, kipande cha mzee kilichoshiba, na kando yake mke wake, Wagaki. Mama huyu ndiye aliyewaita vijana siku ile ya kipigo. Alimtazama Muia toka viatuni hadi kichwani, kisha akageuza uso.

Baada ya mahubiri, mkutano ulishikwa na ndugu wa uamsho. Watu hawa wana desturi yao, na ni vizuri uijue. Kwao aliyeokoka hasemi tu kwamba ametubu, akaketi. Alichoiba hukirudisha mkononi mwa mwenyewe, mbele ya watu, kitu chenyewe kionekane kwa macho. Hapo kanisani majembe yalikuwa yamerudishwa, na masufuria, na hata mlango wa choo uliobebwa begani kutoka Riruta.

Aliyesimama siku hiyo alikuwa Naftaly.

Huyu Naftaly alikuwa mtoto wa dada yake Ephantus na mwangalizi wa ploti zake. Wapangaji walimwogopa kuliko mvua. Aling'oa milango ya watu wakiwa ndani, akanywa pombe mchana, akatukana akina mama. Sasa alikuwa ameokoka na amenyoa ndevu.

"Ndugu zangu, Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Mnanijua. Nimekunywa, nimepiga watu, nimetupa vitu vya wajane barabarani. Hayo nimeshasema hapa. Kuna moja sijasema." Akawageukia wa viti vya mbele. "Ile saa ya mjomba, si Mkamba aliiba. Ni mimi. Alienda kuitisha chai, nikapita, nikaitia mfuko. Halafu mimi ndiye nilianza kupiga kelele ya mwizi. Na mimi ndiye nilimpiga wa kwanza."

Kanisa zima lilishusha pumzi kwa pamoja.

Furaha ilimjia Muia kwa nguvu. Kando yake Nthenya alijifunika uso kwa leso, akalia kwa kwikwi, mabega yakimtikisika, asiweze kunyamazishwa. Watu wa viti vya nyuma walinyoosha mikono kumsalimia Muia, na safari hii walimpa viganja vizima. Jina lake lilikuwa limerudi.

"Na hii hapa," Naftaly akasema.

Alifungua kitambaa, akatoa saa, akampa mjomba wake. Ephantus aliigeuzageuza, akaivaa, akaupiga mkono wake wa kushoto kwa upole.

"Dorvan yangu," alisema, akilitaja jina la kampuni iliyoitengeneza. Aliinunua saa hiyo kabla ya uhuru, siku za taabu, na aliipenda kuliko alivyopenda baadhi ya watoto wake.

Ndugu wakaimba. Naftaly akakumbatiwa huku na huku mpaka shati likamtoka suruali. Kisha Ephantus akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Fundi, kuja hapa."

Muia akaenda mbele.

"Nilikukosea," Ephantus alisema mbele ya wote. "Meza yako nitaitengeneza mimi mwenyewe. Utakaa kwa baraza yangu mpaka uzeeke, na mtu akikuita mwizi, ameniita mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Lakini kuna kazi hujamaliza." Mzee akatabasamu. "Saa ililetwa kuoshwa. Ichukue ukaioshe."

Watu walicheka kicheko kizuri. Ephantus aliivua saa, akaiweka kwenye kiganja cha Muia.

Msomaji, laiti angeitia mfukoni. Laiti angesema asante, akarudi kuketi karibu na mke wake, hadithi hii ingekwisha leo, nasi sote tungekwenda kunywa chai. Lakini fundi wa saa huwezi kumpa saa asiitazame. Muia aliinamisha macho, na mkono wake, bila kuamriwa na mtu, ukatoa lenzi mfukoni mwa shati ukaibandika jichoni.

Saa ile haikuwa ya Ephantus.

Dorvan ilikuwa Dorvan, umbo lile lile, ngozi ya kahawia, mishale ile ile myembamba. Lakini uso wa saa ya Ephantus ulipigwa chapa ya zamani. Tarakimu ya nne ilikuwa wazi juu, mistari yake haikukutana. Na chini kabisa, chini ya sita, palikuwa na neno SWISS peke yake, herufi ndogo zikikanyaga alama za dakika. Kwenye hii nne ilikuwa imefungwa juu, na neno SWISS lilikuwa na T moja kila upande, ndogo hata mtu angedhani ni uchafu. Hizo T zilianza kutiwa kiwanda kilipobadilisha rangi ing'aayo gizani. Wakati Ephantus ananunua yake, hazikuwapo.

Mambo haya Muia alifundishwa mjini, zamani akiwa mwanagenzi, kwa kupanga nyuso za saa zilizokufa kwenye mikebe ya tumbaku. Fundi akitoa uso wa saa moja kuutia kwenye nyingine, lazima ajue chapa ipi inakwenda na ipi, la sivyo mteja mjuzi atamshika. Wengine huliita jambo hilo ufundi. Watu wa mtaani huliita wizi, na kila fundi wa saa Nairobi amewahi kuambiwa kwamba hubadilisha vyombo.

Hilo ndilo lililomtia Muia baridi. Akiipokea saa hii, akairudisha imeoshwa, kesho fundi mwingine ataifungua na kumwambia mzee kwamba si ile. Nani atakuwa ameishika mwisho? Muia. Watasema ameibadilisha mikononi mwake, amempa mzee ya bandia akabaki na ya kweli.

Akamtazama Naftaly. Huyu ndiye aliyekuwa amemvunja meno. Sasa amemletea saa isiyo yenyewe mbele ya watu, na mjomba wake anaitia mikononi mwake huku anacheka. Muia akaona mtego. Moyo uliokuwa umejaa furaha ukajaa chuki mara moja, na alipofumbua mdomo hakumwita mzee kando, wala hakunong'ona.

"Mzee, hii si saa yako."

Kicheko kilikatika.

"Ati nini?"

"Ni Dorvan, lakini si ile. Yako nne yake ilikuwa wazi juu. Hii imefungwa. Na hapa chini kuna T mbili. Yako haikuwa nazo."

Ephantus aliichukua saa, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"T gani?"

"Hizi ndogo, kando ya hilo neno. Shika lenzi."

Mzee alibandika lenzi kwenye jicho moja, akafumba hilo hilo, akafumbua, akahangaika mpaka akapata. "Haya. Nimeziona. Sasa? Mimi nimevaa hiyo saa miaka yote nikiangalia kama ni saa ngapi. Nani huangalia herufi?"

"Mimi."

"Na umekumbukaje?" Aliyeuliza alikuwa Wagaki. Alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa na haraka. "Mwenyewe amesahau. Mimi nimelala kando ya hiyo saa, nimesahau. Wewe uliishika asubuhi moja tu, na mpaka leo unakumbuka nne ilikuwa wazi ama imefungwa?"

"Ni kazi yangu, mama. Nikiona uso wa saa mara moja sisahau."

"Na yangu ilikuwaje?"

Huyo alikuwa Musau, muuza makaa, akiuliza kutoka nyuma. Aliwahi kumletea Muia saa, siku za baraza, haijavunjika meza.

"Yako jina la kampuni limeandikwa kama mwandiko wa mkono," Muia alijibu bila kufikiri. "Nukta ya i imefifia, na kwa kumi na moja, moja ya kwanza ni fupi kidogo."

Musau alivua saa yake, akaenda nayo dirishani. Watu walimngojea. Muia naye akangoja kwa kiburi, kwa maana alijua anachosema, na alidhani sasa wataamini.

"Ni kweli," Musau akasema polepole. "Hata mimi sikuwa nimeiona."

"Mmesikia," Wagaki akasema. "Anajua saa za Kawangware yote kama mchungaji na mbuzi zake. Mtu hujua hivyo kitu amekitamani. Na hiyo ya mzee anaijua kupita zote, kwa sababu anaiangalia kila siku huko kwake."

Manung'uniko yalitembea kutoka kiti hadi kiti. Muia akageuka kutafuta uso hata mmoja wa kumwonea huruma, akakuta nyuso zile zile za siku ya kipigo, ila leo zimevaa nguo za Jumapili. Kuponza kwa kichwa ni ulimi, na ulimi wa Muia ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Mzee wa kanisa aliyeongoza mkutano akapanda mbele. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makelele.

"Naftaly, ndugu yangu. Umesikia fundi. Sema hapa katika nuru. Saa hii ndiyo uliyoiba, ama siyo?"

Jasho lilimtiririka Naftaly kwenye kidevu kilichonyolewa. Alimtazama Muia, akamtazama mjomba wake, akaitazama saa. Akisema ndiyo, fundi ameshaonyesha T. Akisema siyo, amedanganya hapo hapo alipokuwa anatubu, na ndugu hawana huruma na toba ya uongo.

Wagaki ndiye aliyemfungulia mlango.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Mimi nimeelewa. Naftaly tangu aokoke amekuwa na moyo mwepesi. Ameona Mkamba anateseka huko Kibera na mke na mtoto, akaingiwa na huruma. Akatafuta saa yake mwenyewe, akajibebesha dhambi ya mwenzake ili kelele iishe. Si hivyo, Naftaly?"

Naftaly alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Ni hivyo, mama."

Ndipo walipolia kweli. Mwanzo walimlilia mwizi aliyetubu. Sasa walimlilia mtu safi aliyetaka kubeba mzigo usio wake. Mzee wa kanisa alimkemea kidogo, kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa upendo, kisha naye akamshika mabega na kulia. Wimbo ukaanza upya, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Alisema ameiba," Muia akasema juu ya wimbo. "Wote mlisikia. Alisema alinipiga kwanza akijua."

"Na wewe ukasema si yenyewe," Ephantus alijibu. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na uso wake ulikuwa ule ule Muia alioukumbuka. "Neno lako nimelikubali, fundi. Wewe ndiye unajua. Umesema hii si saa yangu. Basi yangu iko wapi?"

Muia alitazama lenzi iliyokuwa mkononi mwa mzee na kuona kwamba hata hiyo hatarudishiwa.

"Jumapili ijayo uje nayo," Ephantus akasema. "Usipokuja, nitakuja mimi Gatwekera, na sitakuja peke yangu. Toeni huyu."

Vijana walimtoa. Hawakumpiga, kwa kuwa ni kanisani, lakini mmoja alimkanyaga kisigino makusudi mpaka kiatu kikamvuka, naye akatoka akichechemea na kiatu mkononi.

Nthenya alikuwa ameshaondoka. Muia aliiona leso yake mbali barabarani, akienda haraka bila kugeuka nyuma.

Muia alikuwa anavaa kiatu kando ya kinu cha posho, kimefungwa siku hiyo, aliposikia mtu nyuma yake.

"Fundi."

Alikuwa Naftaly, peke yake, amepita uchochoroni.

"Umefuata nini?"

"Niliiba," Naftaly akasema. "Ni mimi. Nimesema kweli huko ndani, ile ya kwanza. Niliiuza Thika wiki hiyo hiyo, nikanywa pesa mpaka ikaisha. Nilipookoka nikaenda kuitafuta, nikaambiwa aliyenunua alihama. Nikatafuta inayofanana. Aliyeniuzia aliapa hakuna tofauti. Niliiangalia juani, nikaiangalia kwa taa. Sikuona hata moja."

Muia alisahau kiatu. "Kwa nini hukusema umenunua nyingine?"

"Hapa ukirudisha, unarudisha kitu chenyewe. Niliona aibu. Nikasema kubwa yote, nikaficha hiyo ndogo."

"Rudi ndani sasa hivi ukawaambie."

Naftaly alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamekauka, na chini yake Muia aliuona uso wa zamani, wa yule aliyeng'oa milango.

"Wewe ungenyamaza," alisema. "Nilikurudishia jina yako mbele ya watu wote. Nilijivua nguo, Muia. Wewe ukanitupia kwa uso kwa sababu ya T mbili."

"Ni kweli si yenyewe."

"Na ni kweli niliiba. Umechagua kweli yako, ukaua yangu."

Muia alimshika shingoni, akamgandamiza kwenye mabati ya kinu. Angeweza kumnyonga, na kwa kitambo kidogo alitaka sana kumnyonga. Naftaly hakujitetea. Akatazama tu upande wa barabara, ambako wanawake wa kwanza walikuwa wakitoka kanisani na Biblia zao kwapani, nao wakasimama kumtazama Mkamba akimkaba mtu aliyetaka kumbebea dhambi. Muia akaachilia. Lakini walikuwa wameshaona, na hilo nalo lilihesabiwa juu yake.

Naftaly alinyoosha kola.

"Jumapili ijayo simama mbele, useme macho yalikudanganya. Sema saa ni ile ile, ulikosea. Mimi nitatubu tena, nitasema mama Wagaki aliniwekea maneno kinywani. Watakubali. Utapata baraza yako." Alipanguza shingo. "Ukisema tena si yenyewe, basi mimi sikuiba. Na wewe unajua kule wanafikiri ni nani."

"Fundi akisimama kusema hajui uso wa saa, nani atampa saa?"

"Na sasa hivi nani anakupa?"

Akaondoka alikotoka.

Muia alitembea kuelekea Kibera akiongea peke yake. Aweza kuwa mwizi, ama aweza kuwa fundi asiyeona. Cha tatu hawakumwachia. Alimlaani Naftaly, akamlaani Wagaki, akalilaani kanisa lote na mabati yake. Kisha, karibu na Ayany, wazo jingine likamjia na kumpunguzia hasira. Kweli ilikuwa imepatikana. Mwizi amejitaja kwa mdomo wake. Hata Kawangware yote ikatae, kuna mtu mmoja atakayefurahi, mtu aliyelia kwa kwikwi mbele ya watu jina la mume wake liliporudi. Akakaza mwendo. Alishuka Gatwekera karibu akikimbia.

Nthenya alikuwa ameketi kitandani, bado amevaa nguo za kanisani. Mukai alikuwa kwa jirani.

"Ni yeye," Muia akasema kabla hajavuka kizingiti. "Naftaly. Amenifuata, ameniambia mwenyewe. Aliiuza Thika. Ile ya kanisani alinunua ifanane. Nilijua. Niliiona ile nne nikajua kuna kitu."

Nthenya aliinua macho.

"Alikuambia mbele ya nani?"

"Nyuma ya kinu. Tulikuwa mimi na yeye."

"Hakuna mtu alisikia?"

"Nani angesikia? Wanawake walikuwa barabarani." Muia akasita. "Kwa nini unauliza hivyo?"

Nthenya alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Huko kanisani nililia," alisema.

"Nilikuona. Ulilia kwa furaha."

"Haikuwa furaha, Baba Mukai. Nililia kwa aibu. Tangu tuhamie hapa nimekuwa nikiomba Mungu akusamehe. Kila siku, ukishatoka. Naftaly aliposema ni yeye, nikaona nimekukosea moyoni muda huu wote, na nikasema tukifika nyumbani nitapiga magoti nikuombe msamaha."

Muia alishika mwimo wa mlango. Kipigo cha Kawangware kilimwumiza, na maneno ya Wagaki yalimwumiza, lakini hapakuwa na lolote kati ya hayo lililomfika moyoni kama hili.

"Wewe," akasema. "Wewe pia."

"Halafu ukasema si yenyewe. Ukaeleza jinsi ya kweli ilivyo, nne yake, herufi zake, kama mtu ameiangalia jana."

Aliinuka, akampita, akafunga mlango ili majirani wasisikie. Akarudi akaketi kitandani na kumpisha nafasi kando yake. Hakuwa na hasira yoyote. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao Muia hakuwa ameusikia tangu wahamie Gatwekera.

"Mimi si watu wa Kawangware," Nthenya akasema. "Sitakucheka na sitamwambia mtu. Njoo ukae. Niambie mimi peke yangu, uliipeleka wapi?"